Faulo za chupuchupu kwenye pool: maswali ambayo marefa huulizwa kila mara

Majibu haya ni kwa wanaotazama pool ya kulipwa na kubaki wakijiuliza refa ameona nini ambacho wao hawakukiona, na pia kwa vijana wanaochezesha mashindano ya mitaani na kutamani kuchezesha makubwa zaidi. Kanuni ninazozizungumzia ni za WPA, chama cha dunia cha mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1987. Mifano mingi ni ya mipira tisa, mchezo ambao mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Huko ukifanya faulo, mpinzani anauchukua mpira mweupe mkononi na kuuweka popote mezani, na kwa mchezaji wa daraja la juu hilo mara nyingi linatosha kusafisha meza yote. Ndiyo maana milimita moja inagombaniwa vile.

Faulo ya chupuchupu ni ipi?

Ni ile ambayo watu wawili waaminifu, wamesimama pande mbili za meza, wanaweza kuiona tofauti. Mweupe ukitumbukia shimoni hakuna mjadala. Mjadala unakuja kwenye mambo machache: mweupe umegusa mpira upi kwanza, ncha ya fimbo imeugusa mweupe mara moja au mbili, mipira miwili imegusana au imeachana kwa upana wa unywele, na kama kuna mpira wowote uliofika ukingoni baada ya mguso.

Refa anajuaje mpira upi umeguswa kwanza, wakati yote imetokea mara moja?

Refa hautegemei mguso wenyewe. Watu wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Tofauti kati ya kugusa namba tatu kwanza na kugusa namba saba kwanza inaweza kuwa sehemu ya elfu ya sekunde, na hakuna jicho linalokamata kitu hicho. Refa anatazama mipira inavyoondoka.

Chukua mfano. Namba tatu iko kushoto, namba saba kulia, zimekaa bega kwa bega karibu kugusana, na mchezaji anatakiwa aanze na tatu. Mweupe unaingia moja kwa moja katikati yao. Ukizigusa zote kwa wakati mmoja, zitatawanyika kushoto na kulia kwa kasi inayolingana, na mweupe utarudi nyuma kidogo kwenye njia uliyojia. Ukigusa tatu kwanza, tatu itaondoka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya saba, na mweupe utasukumwa upande wa saba. Ukigusa saba kwanza, geuza picha hiyo: saba inakimbia, tatu inajikokota, mweupe unakwenda kushoto.

Kwa hiyo kabla ya pigo refa anakuwa na picha mbili kichwani. Hii ikitokea, pigo ni halali. Ile ikitokea, ni faulo. Pigo linapokuja analinganisha tu. Refa asiyekuwa na picha hizo mapema ataanza kukisia mipira ikiwa imeshasimama, na hapo ndipo sauti hupandishwa.

Tahadhari moja: tazama mwanzo wa mwendo, si mwisho. Mweupe uliopigwa juu au chini una mzunguko unaoweza kuupindisha baada ya mguso, na ukiuangalia pale ulipoishia utadanganyika. Halafu, mipira ikiwa imekaa vingine kuliko mfano huu, picha nazo zinabadilika. Hakuna jibu moja la kukariri. Kila mkao unasomwa upya.

Na kama hata hivyo refa hawezi kuamua?

Kanuni iko wazi: mpira halali na usio halali vikiguswa karibu kwa wakati mmoja na haiwezekani kujua kipi kilitangulia, inachukuliwa kwamba ule halali ndio ulioguswa kwanza. Faida ni ya mpigaji.

Naiona ni kanuni ya haki, lakini inatumika vibaya. Imewekwa kwa ajili ya pigo ambalo kweli halisomeki. Haikuwekwa kumfunika refa aliyesimama mahali pabaya. Mchezaji akikuona umebaki kwenye kiti chako kisha ukasema "sikuona vizuri, inakwenda kwa mpigaji", ana sababu ya kukasirika.

Refa asimame wapi?

Inategemea anatafuta nini. Akitafuta mpira upi umeguswa kwanza, anahitaji kuiona mipira yote miwili bila mmoja kuufunika mwingine, kwa hiyo anakaa karibu na mstari wa pigo, ila nje ya macho ya mpigaji. Akihofia ncha kugusa mara mbili, anakwenda ubavuni na kuinama mpaka jicho lifike usawa wa mipira, ili aione nafasi iliyopo kati ya mweupe na mpira wa mbele. Kisha anatulia kabisa. Hatembei, kivuli chake hakipiti juu ya meza. Mchezaji aliyezoea marefa wazuri akiona refa anasogea na kuinama anajua pigo hili linatazamwa, naye husubiri refa afike.

Kupiga mara mbili ni nini, na kwa nini ndiyo faulo inayobishaniwa kuliko zote?

Ncha ya fimbo inatakiwa iuguse mweupe mara moja tu kwa kila pigo. Mguso huo ni mfupi sana, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa mweupe ukiwa milimita tano tu nyuma ya mpira mwingine, na mchezaji akapiga mbele moja kwa moja, mweupe unagonga mpira ule na kupunguza mwendo ghafla, huku fimbo bado inakuja. Ncha inaukuta tena. Hiyo ni faulo, hata kama mpigaji hakukusudia na hakuhisi chochote mkononi.

Inasomwaje? Mipira ya pool ina uzito unaokaribiana sana. Mweupe ukiupiga mpira mwingine katikati kabisa, unaupa karibu kasi yake yote na wenyewe unasimama. Ukiwa na mzunguko wa kwenda mbele, utasita kwanza, kisha uanze kutambaa. Kule kusita ndiko unakotafuta. Ukiona mweupe umeondoka pamoja na mpira wa mbele, papo hapo, kwa mwendo unaokaribia kulingana, bila kusita hata kidogo, fimbo imeusukuma mara ya pili.

WPA imewapa marefa kipimo cha kusaidia. Nafasi kati ya mipira ikiwa ndogo kuliko upana wa kipande cha chaki, refa anatakiwa kuwa makini zaidi. Na asipoweza kuthibitisha kwamba pigo lilikuwa halali, mweupe ukipita mbele ya pale mpira ulipokuwa kwa zaidi ya nusu ya mpira, ni faulo. Mpira una kipenyo cha milimita 57.15, kwa hiyo tunazungumzia sentimita tatu hivi. Angalia kwamba hapa shaka haimsaidii mpigaji kama ilivyokuwa kwenye mpira ulioguswa kwanza. Wengi hawajui tofauti hiyo, na mabishano mengi ninayoyasikia yanaanzia hapo.

Kuna msamaha mmoja. Mweupe ukiwa karibu sana na mpira na mpigaji akaukwangua pembeni tu, kwa wembamba, pigo linahesabiwa halali hata kama mtu anaweza kudai ncha ilikuwa bado kwenye mweupe mipira ilipogusana.

Nimefundishwa kwamba nikiinua fimbo nyuzi 45, siwezi kuitiwa faulo. Ni kweli?

Hapana. Kuinua fimbo kunasaidia, kwa sababu ncha inashuka chini badala ya kuufuata mweupe mbele. Lakini msaada si kinga. Refa wa WPA hapimi pembe ya fimbo, anasoma mipira. Ukiinua nyuzi 45 na mweupe ukaruka mbele pamoja na mpira mwingine, utaitiwa faulo, na utakuwa umeistahili.

Mweupe ukiwa umegusana kabisa na mpira ninaotaka kuupiga?

Hapa waliotoka kwenye snooker, mchezo wa fimbo na mipira unaofanana na pool, wanashtuka. Kwenye snooker mpira uliogusana na mweupe lazima uupigie mbali bila kuusogeza. Kwenye mipira tisa ya WPA, ikiwa mpira huo ni halali kwako, unaruhusiwa kupiga kuuelekea, hata moja kwa moja, kwa pigo la kawaida. Mipira yote miwili itaondoka pamoja kama ndugu walioshikana mikono, watazamaji watapiga kelele "faulo!", na refa atanyamaza. Yuko sahihi. Hakukuwa na nafasi kati ya mipira, kwa hiyo hakuna ile hali ya mweupe kusimama na kukutwa na fimbo.

Kinachokatazwa ni kuusukuma mweupe, yaani kuing'ang'aniza ncha kwenye mpira kuliko pigo la kawaida linavyofanya. Vilevile jihadhari na mpira wa tatu ulio jirani, kwa sababu hata kama wa kwanza umegusana na mweupe, unaweza kupiga mara mbili kwa sababu ya huo mwingine.

Na ukipiga kwenda upande mwingine, mbali na mpira uliogusana na mweupe, haihesabiwi kwamba umeugusa.

Sasa sehemu ambayo nimeona ikiwagharimu watu fremu, yaani raundi nzima ya mchezo. Mipira inachukuliwa kuwa *haijagusana* mpaka refa au mpinzani atangaze kwamba imegusana, na jukumu la kupata tangazo hilo kabla ya pigo ni la mpigaji. Si la refa. Umesimama, umeona imegusana, umepiga bila kuuliza: mbele ya kanuni kulikuwa na nafasi, na pigo lako litahukumiwa hivyo. Mwaka fulani nilichezesha nusu fainali ya mtaani ambapo kijana hodari kuliko wote ukumbini alipoteza hivi hivi. Mimi pia niliamini mipira ilikuwa imegusana. Lakini hakuuliza, nami sikuwa nimeinama kuangalia. Nilimwitia faulo, na bado naamini uamuzi ulikuwa sahihi, ila tangu siku hiyo nikiona mweupe umelala karibu na mpira nasogea mapema, ili mchezaji akitaka kuuliza anikute hapo.

Refa anahakikishaje kwamba mipira imegusana?

Anashuka hadi usawa wa kitambaa na kutafuta mwanga kati ya mipira. Anabadilisha pembe, kwa sababu kutoka upande mmoja mipira iliyoachana huonekana kama imeshikana. Tochi ndogo ikimulika kutoka nyuma inasaidia sana. Hagusi kitu chochote. Kisha anatangaza kwa sauti ambayo wachezaji wote wawili wanasikia: imegusana, au haijagusana.

Kuhusu ukingo: kwa nini pigo jepesi sana linaitwa faulo ingawa limegusa mpira sahihi?

Kwa sababu baada ya mweupe kugusa mpira, ama mpira uingie shimoni, ama mpira wowote, mweupe ukiwemo, ufike ukingoni. Mweupe ukigonga ukingo kabla ya mguso haihesabiki.

Utata unakuja kwa mpira ambao tayari umeegemea ukingo. Ukiusogeza ukabaki umeuegemea ukingo uleule, haujafika ukingoni. Lazima uachane nao na kurudi, au uende ukingo mwingine, au mweupe ndio ufike. Hapa pia kuna suala la tangazo: mpira unachukuliwa kuwa haujaegemea ukingo mpaka refa au mmoja wa wachezaji aseme umeegemea. Mchezaji mjanja akiona mpinzani anataka kujilinda kwa pigo la kubembeleza, ili amwachie mkao mgumu, anaomba mpira uangaliwe kwanza.

Fimbo ikiteleza na kutoa ule mlio mkali, ni faulo?

Kwa kawaida si faulo. Huenda ubavu wa fimbo umeugusa mweupe, lakini kama mguso huo haukuonekana waziwazi, inachukuliwa haukutokea. Ndivyo pia kwa ncha inayochimba chini ya mweupe na kuunyanyua. Lakini ukifanya makusudi, kwa mfano kuuchota mweupe ili uruke mpira ulio mbele, hilo ni kosa la utovu wa uanamichezo, na adhabu yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya faulo ya kawaida.

Shati langu likigusa mpira?

Faulo. Nywele pia, chaki pia, na mweupe ulio mkononi mwako ukigusa mpira mwingine wakati unauweka. Mchezaji anawajibika kwa kila anachokibeba mezani. Kwenye michezo isiyo na refa, mashindano mengine hutumia utaratibu wa kuhesabu faulo za mweupe tu, ambapo mpira mwingine ukisogezwa kwa bahati mbaya mpinzani ana hiari ya kuurudisha. Kwenye meza yenye refa usitegemee huruma hiyo.

Mpira umekaa mdomoni mwa shimo, umetulia, kisha umeanguka wenyewe. Inakuwaje?

Sekunde tano. Ukiwa umetulia muda huo au zaidi kisha ukaanguka, unarudishwa ulipokuwa. Chini ya hapo umeingia.

Kwa nini refa hamwonyi mchezaji anayeona anakwenda kufanya faulo?

Kwa sababu atakuwa amemsaidia mmoja dhidi ya mwingine. Refa anajibu maswali yenye jibu la uhakika: mpira huu uko nyuma ya mstari, mipira hii imegusana, mpinzani wangu ana faulo ngapi, nikifanya hivi kanuni gani itatumika. Hajibu maswali ya maoni. Ukimuuliza "hivi naweza kuigusa tatu kutoka hapa?" atakutazama tu.

Kuna onyo moja analolazimika kulitoa bila kuulizwa. Kwenye mipira tisa, faulo tatu mfululizo zinakupotezea fremu, na mchezaji aliye na mbili lazima aambiwe kabla ya pigo lake linalofuata.

Siku hizi kuna kamera kila kona. Kwa nini wasiangalie marudio tu?

Refa anaruhusiwa kutumia njia yoyote inayofaa kupata ukweli wa tukio linalobishaniwa, na mahali penye marudio yanaweza kutumika. Lakini hebu tupige hesabu. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde inaufuata mweupe unaokwenda mita tatu kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, mweupe umesafiri sentimita sita, zaidi ya kipenyo chake wenyewe. Picha moja unauona haujafika, inayofuata umeshapita. Hata simu inayopiga picha 240 kwa sekunde inaacha milimita 12.5 kati ya picha na picha, na mguso wa ncha, ule wa sehemu ya elfu ya sekunde, unaweza kutokea na kwisha katikati yake.

Marudio yana faida kubwa kwa kitu kingine: yanaonyesha mipira iliondoka vipi. Yaani yanampa refa nafasi ya pili ya kusoma kilekile alichotakiwa kukisoma mara ya kwanza. Asiyejua kusoma mwendo wa mipira hasaidiwi na skrini.

Naweza kupinga uamuzi?

Unaweza kumwomba refa afikirie upya, kwa heshima. Kwenye jambo la kuona, yaani kipi kiliguswa kwanza au kama ncha iligusa mara mbili, neno lake ni la mwisho. Lakini ukiamini ameitumia kanuni isivyo, unaweza kukata rufaa kwa msimamizi wa mashindano, na mchezo unasimama mpaka jibu lije. Jua tofauti ya hayo mawili kabla ya kufungua mdomo. Na fanya haraka: faulo isiyotangazwa kabla ya pigo linalofuata kuanza, inahesabiwa haikutokea.

Meza yetu haina refa. Nani anaamua?

Mpinzani ndiye anayechukua nafasi ya refa. Kwa hiyo ukiona mwenzako anajiandaa kwa pigo la utata, msimamishe kabla hajapiga, muite mtu ambaye nyote mnamwamini aje atazame. Usisubiri pigo lipite ndipo uanze kudai.

Wanawake wanachezesha mechi kubwa?

Ndiyo, kwa miaka mingi. Michaela Tabb wa Scotland alichezesha Mosconi Cup, mashindano ya Ulaya dhidi ya Marekani yaliyoanza mwaka 1994, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha fainali ya dunia ya snooker.

Nataka kujifunza urefa. Nianzie wapi?

Anza na meza tupu na rafiki mmoja mwenye mkono mzuri. Weka mweupe nyuma ya mpira mwingine, nafasi ya nusu kipande cha chaki. Mwambie apige mara kumi, mara nyingine halali kwa kukwangua pembeni, mara nyingine moja kwa moja mpaka apige mara mbili kwa makusudi. Wewe inama ubavuni, useme uamuzi wako kabla mipira haijasimama. Kisha weka mipira miwili bega kwa bega, kama tatu na saba zile, aingize mweupe katikati, akikwepesha unywele kushoto au kulia bila kukuambia.

Mwanzoni utakosea nusu. Baada ya jioni chache utaanza kusikia tofauti kabla ya kuiona, kwa sababu pigo la mara mbili lina mlio wake, mzito na wenye kukwaruza kidogo. Usiamue kwa mlio peke yake, lakini ukiusikia, tazama mweupe: umesita, au umeondoka pamoja na mwenzake?